Ofisi ya ukumbi mmoja ikiwa na kelele: dalili, chanzo na dawa

Niliitwa kwa sababu ya viyoyozi. Ilikuwa ghorofa ya nne katikati ya Dar es Salaam: ukumbi mmoja, meza 24, sakafu ya vigae, vioo pande mbili. "Kaka, hizi AC zinatumaliza," dada wa mapokezi aliniambia kabla sijatua hata begi. Meneja alikwishapata bei ya kung'oa mashine zote nne na kufunga mpya za kimya. Alichotaka kwangu ni kuthibitishiwa tu kwamba hela haitapotea.

Nilikuwa dirishani naandika vipimo, umeme ukakatika. Feni zikazima. Kwa labda sekunde kumi na tano, kabla jenereta halijawaka, ukumbi mzima ukamsikia mhasibu aliyekaa pembe ya mbali kabisa akimwambia mtu kwenye simu: "Huyo mshahara wake wa Machi bado, lakini usimwambie." Akajisikia mwenyewe. Akanyamaza, akageuza kiti akautazama ukuta. Meza ya tatu kutoka kwake, kijana mmoja aliacha kuandika. Kisha jenereta likanguruma, feni zikarudi, na maneno ya mhasibu yakamezwa tena.

Viyoyozi vile ndivyo vilivyokuwa vinawasitiri watu wale. Vingebadilishwa kwa vya kimya, hela ingetoka na hali ingekuwa mbaya kuliko mwanzo. Tangu siku hiyo sianzi kazi kwa kuuliza kelele ni kubwa kiasi gani. Nauliza ni sauti ipi, inatoka wapi, na inakufanya ushindwe kufanya nini. Katika ofisi ya wazi "kelele" ni jina moja la maradhi kadhaa, na dawa ya aina moja huweza kuwa sumu kwa aina nyingine.

Vipimo vitatu kabla ya kutoa shilingi

Cha kwanza ni kofi. Subiri ukumbi uwe mtupu, simama katikati, piga kofi moja kali, kisha sikiliza mkia wake. Sauti ikikatika papo hapo, mvumo, yaani sauti kubaki hewani baada ya chanzo chake kunyamaza, si tatizo lako. Ikibaki inazunguka kama ndani ya tangi tupu la maji, kila kitu humo ni kigumu na hakuna kinachofyonza. Ukisikia "trrrr" ya haraka, kama kijiti kinachoburuzwa kwenye nondo za dirisha, hiyo ni sauti inayodunda kati ya kuta mbili zinazotazamana, mara nyingi kioo kwa kioo. Hapo kutibu ukuta mmoja kati ya hizo mbili kunatosha.

Cha pili ni kutembea. Mwenzako aketi kwenye meza yake asome, kwa sauti anayotumia kwenye simu, maneno yasiyohusiana: kijiko, Singida, tisa, pazia, Juma, mvua. Usimpe gazeti, kwa sababu sentensi nzima hukusaidia kubahatisha. Wewe rudi nyuma hatua kwa hatua ukiandika unachosikia. Pale unapoanza kukosa nusu ya maneno, bandika utepe sakafuni. Wataalamu wana kipimo chao kwa jambo hili katika kiwango cha kimataifa cha ISO 3382-3, kilichotoka mwaka 2012 na kufanyiwa marekebisho 2022. Wao hutafuta umbali ambao uelewekaji wa maneno unashuka chini ya 0.50 katika kipimo kinachoanzia 0 hadi 1. Ofisi nzuri, umbali huo hauzidi mita 5. Ofisi mbaya unavuka mita 10. Utepe wako haulingani moja kwa moja na kipimo hicho, lakini ukirudia zoezi baada ya marekebisho, kwa msomaji yuleyule na kiti kilekile, utajua kama umesogea au umepoteza hela.

Cha tatu, zima kitu kimoja kimoja: kiyoyozi, friji, mashine ya maji ya kunywa, printa, taa. Baada ya kila kimoja nyamaza sekunde thelathini. Utashangaa mara ngapi mlalamikiwa anageuka kuwa friji ya pantri iliyoegemezwa kwenye ukuta wa jipsamu.

Kuhusu programu za simu za kupimia desibeli, kizio cha ukubwa wa sauti: zitumie kulinganisha, si kuhukumu. Ile ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inayofanya kazi kwenye iPhone, ilipimwa maabara ikakutwa inakaribia ndani ya desibeli 2, lakini simu nyingi mikononi mwetu hazijawahi kurekebishwa na mtu. Na usikubali kuambiwa "tuko chini ya kiwango cha sheria". Kanuni za Kenya za 2005 kuhusu kelele kazini, kwa mfano, zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Kikomo hicho kipo ili mtu wa kiwandani asipoteze masikio. Ofisi yenye desibeli 52 iko mbali sana na hapo, na bado mtu anaweza kumaliza siku nzima bila kukamilisha ukurasa mmoja.

Dalili: unaelewa kila neno la mtu aliye mbali

Hii ndiyo dalili kuu, na ndiyo inayofichwa zaidi ndani ya neno "kelele". Ukienda na mita ya kupimia sauti utakuta namba ndogo. Hakuna anayepaza sauti. Lakini mtu anayejumlisha hesabu anaanza upya mara tatu kwa sababu nyuma yake kuna mwenzake anaagiza chapati.

Shida yenyewe iko kwenye akili. Mwaka 1976 watafiti Colle na Welsh walionyesha kwamba watu waliokuwa wanashika mfuatano kichwani walikosea zaidi mazungumzo yaliposikika pembeni, ingawa waliambiwa wayapuuze, na ingawa yalikuwa ya Kijerumani, lugha wasiyoielewa. Tafiti zilizofuata zikafafanua kwamba kinachovuruga ni sauti inayobadilikabadilika. Feni huvuma vilevile asubuhi mpaka jioni, akili ikaizoea. Mazungumzo hupanda, hushuka, hukatika, huanza upya, na kila badiliko huivuta akili kidogo, utake usitake. Ndiyo maana kumwambia mfanyakazi "jifunze kutosikiliza" ni kumwonea.

Basi kazi yako ni kuhakikisha maneno ya mbali hayafiki yakiwa mazima. Kuna mambo matatu, na mpangilio wake una maana.

Anza na dari. Sauti hutoka mdomoni ikapanda, ikapiga zege au jipsamu tupu, ikashuka upande wa pili wa kizigeu, ule ukuta mfupi kati ya meza, kana kwamba hakipo. Nina mbinu moja nyepesi ya kulionyesha hili kwa meneja asiyeamini. Naomba kioo cha kujitazamia, fundi anapanda ngazi anakishika bapa darini, naye meneja anaketi kwenye kiti cha msikilizaji. Fundi anakisogeza taratibu. Pale meneja anapoona uso wa msemaji ndani ya kioo, ndipo sauti inapodundia. Maneno, hasa zile s, t na k zinazoyafanya yaeleweke, hudunda kwa njia ileile ya mwanga. Weka kifyonzaji hapo. Kioo hichohicho ukikipitisha ukutani kitakuonyesha sehemu nyingine zinazokuletea maneno.

Kifyonzaji kizuri cha dari ni bamba la pamba ya mawe au pamba ya kioo lenye unene wa sentimita 4 au 5, lililofunikwa kitambaa au ngozi nyembamba ya kiwandani, likiningʼinizwa likiwa na nafasi ya hewa juu yake. Bamba kama hilo hufyonza zaidi ya asilimia 80 ya sauti inayoliangukia katika masafa ya maneno, yaani kwenye uzito na wembamba wa sauti ya mtu anayeongea. Zege tupu hufyonza kama asilimia 2.

Kisha vizigeu. Mdomo na sikio la mtu aliyeketi viko kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Kizigeu cha mita 1.2, ambacho ndicho maduka mengi huuza, kinaficha karatasi zako na hakizuii sauti yako. Kuanzia mita 1.4 hivi ndipo kinaanza kufanya kazi, na kinaifanya kazi hiyo endapo tu dari imekwishatibiwa. Nimeona ofisi zilizopandisha vizigeu chini ya dari ya jipsamu tupu: watu waliacha kuonana na wakaendelea kusikiana, tena wakawa wanaongea kwa sauti zaidi kwa kudhani wako peke yao. Kizigeu cha kioo nacho ni kigumu. Kinazuia kidogo na kudundisha sana.

La tatu ni ukimya uliopitiliza, ambalo watu hukataa kuliamini mpaka umeme ukatike. Ukumbi wenye dari nzuri na mashine za kimya unaweza kushuka hadi desibeli 30, na hapo hata mnong'ono wa meza ya sita unaeleweka. Dawa yake ni sauti laini ya makusudi, sawa na upepo wa mbali, inayotoka kwenye spika ndogo nyingi zilizofichwa juu ya dari. Kiwango chake ni desibeli 40 hadi 45, wala usizidishe 45, kwa sababu watu wataanza kupaza sauti zao ili kuishinda. Muziki haufai kwa kazi hii. Redio ndiyo mbaya kabisa, maana mtangazaji naye ni mazungumzo. Na usianze na sauti hiyo ya spika kabla ya dari na vizigeu, la sivyo utalazimika kuipandisha hadi iwe kero yenyewe.

Dalili: ukumbi unavuma, na kila saa sauti zinapanda

Asubuhi kuko shwari. Saa nne watu wameingia, wanaongea kawaida. Saa sita mchana mtu anamwinamia jirani na kumpazia sauti. Hakuna aliyeamua kupiga kelele. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza jambo hili mwaka 1911: mtu akizungukwa na sauti hupandisha yake bila kujijua. Mmoja akipanda, jirani anapanda, wa tatu anawafuata. Ukumbi unaovuma ndio huwasha moto huu, kwa sababu kila neno linabaki hewani na kulisonga linalofuata.

Hesabu yake ina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1895 kijana wa fizikia wa Harvard, Wallace Sabine, alipewa ukumbi wa mihadhara wa jumba la Fogg ambao mhadhiri hakueleweka ndani yake. Sauti ilibaki hewani kwa takriban sekunde 5.5. Sabine akawa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani usiku, anaipanga, anapuliza bomba la kinanda, anapima muda hadi sauti iishe, kisha anairudisha mito kabla ya asubuhi. Alichokipata ndicho tunachotumia hadi leo: muda wa mvumo kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji kwa mita za mraba.

Tuuchukue ule ukumbi wa ghorofa ya nne. Urefu mita 20, upana 12, kimo 3: ujazo ni 720. Sakafu ya vigae ni mita za mraba 240 zinazofyonza asilimia 2, yaani kama 5. Dari ya zege, 5 nyingine. Kuta na vioo, kama 6. Watu, viti na mafaili tuvipe 24. Jumla ni 40. Mara 0.161 kwa 720 unapata 116. Gawanya kwa 40, karibu sekunde 2.9. Kwa ofisi hiyo ni balaa.

Sasa tandika zulia jembamba sakafu nzima. Zulia kama hilo hufyonza labda robo ya sauti katika masafa ya maneno, kwa hiyo ufyonzaji unapanda hadi kama 95 na mvumo unashuka hadi sekunde 1.2. Badala ya zulia, weka mabamba ya pamba ya mawe kwenye theluthi mbili ya dari: ufyonzaji unafika 165, mvumo unakuwa sekunde 0.7. Ndiyo maana nikipewa bajeti ya kitu kimoja tu, naipeleka juu. Zulia nalipenda kwa sababu nyingine: linaua viatu vya visigino na miguu ya viti inayokwaruza vigae, kelele ambazo dari haizizuii zisizaliwe. Raba za shilingi chache chini ya viti hufanya nusu ya kazi hiyo. (Kanuni ya Sabine inadhani sauti imesambaa sawasawa chumbani. Kwenye ukumbi mpana wenye dari ya chini matokeo halisi hutofautiana na hesabu, hasa kuta zikiwa tupu, kwa hiyo acha sehemu ya vifyonzaji kwa ajili ya kuta.)

Hapa kuna jambo linaloniuma. Ofisi ya wazi ilipobuniwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndugu wawili wa familia ya Schnelle karibu na Hamburg, ilikuja na mazulia, dari za kufyonza na vizigeu vilivyopangwa kufuata mazungumzo ya kazi. Sisi tulichukua ule uwazi kwa sababu unaokoa kuta, tukaacha zulia na dari kwa sababu ni gharama. Tukaongeza vigae na vioo.

Dalili: kikao kinaendelea chumbani, ukumbi mzima unahudhuria

Hapa hakuna mvumo wala ukimya wa kulaumu. Sauti inapita, na mara nyingi inapita mahali pasipotazamwa. Inua bamba moja la dari karibu na chumba cha mikutano, ingiza kichwa na tochi. Katika majengo mengi niliyokagua, ukuta wa chumba umeishia kwenye dari bandia, na juu yake ni uwazi mmoja kutoka chumba hadi ukumbini. Unaweza kuweka mlango wa bei yoyote. Sauti inaruka ukuta. Dawa ni kupandisha ukuta hadi kwenye zege na kuziba mzunguko wote kwa silikoni isiyokauka ikapasuka.

Njia ya pili ni mwanya wa chini ya mlango. Ukuta wa mita 4 kwa 3 una mita za mraba 12. Mlango wa sentimita 90 wenye mwanya wa sentimita 2 unaacha tundu la mita za mraba 0.018, asilimia 0.15 tu ya ukuta. Lakini tundu hilo peke yake linatosha kufanya ukuta wote, hata ukiwa wa kuzuia desibeli 45, ushindwe kuvuka 28 hivi. Mpira wa kushuka chini ya mlango na mpira wa kuzunguka fremu hugharimu kidogo kuliko mlango mpya. Zima taa ukumbini, washa taa chumbani, tazama mwanga unapochungulia: papo hapo ndipo maneno yanapotokea. Tazama pia soketi mbili za umeme zilizopeana mgongo kwenye ukuta mmoja wa jipsamu, na bomba la hewa linalolisha vyumba viwili.

Kosa ninalolikuta kila mwezi ni sponji ukutani. Sponji, zulia, trei za mayai zile za studio za mtaani, vyote ni vyepesi. Kitu chepesi kinaweza kupunguza mdundo ndani ya chumba. Kuizuia sauti isitoke kunahitaji uzito na uzibaji. Trei za mayai hazifanyi sana hata hilo la kwanza. Na sponji ya godoro ikishika moto inatoa moshi wenye sumu, ndani ya ofisi yenye mlango mmoja. Iondoe leo.

Dalili: mngurumo usiokwisha

Weka kiganja ukutani, kwenye meza, kwenye fremu ya dirisha. Ukihisi mtetemo, sauti inasafiri ndani ya jengo, na hakuna paneli itakayoizuia. Fuata mtetemo hadi kwenye chanzo: kitengo cha nje cha kiyoyozi kilichofungwa kwa boliti moja kwa moja kwenye ukuta, jenereta lililokaa kwenye zege bila raba, pampu ya maji ya paa. Raba au springi chini ya miguu, bomba laini badala ya chuma kigumu kwenye maungio, na nusu ya malalamiko yanaisha.

Mngurumo mzito una tabia yake. Sauti ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), ile ya transfoma na chokʼ za taa za zamani, ina wimbi la urefu wa mita 3.4. Sponji ya sentimita 5 haiioni. Ukiambiwa kuna rangi au karatasi ya ukutani inayomaliza mngurumo wa jenereta, okoa hela yako.

Kiyoyozi kinacholia ghafla tofauti na jana kina tatizo la ufundi: uchafu kwenye feni, beringi iliyokwisha, kifuniko kilicholegea. Mwite fundi AC kabla ya kumwita mtu kama mimi. Kile kinachovuma sawasawa siku zote, kwa desibeli 42 hivi, kiache. Kinakufanyia kazi.

Dalili: barabara iko ndani

Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza huvujisha kwenye reli zake, na ile brashi ya pembeni ikichakaa hewa na honi za bodaboda hupita pamoja. Badilisha brashi kwanza. Kioo kizito zaidi kinasaidia. Dirisha la pili la ndani lenye nafasi ya sentimita 10 au zaidi kutoka la kwanza linasaidia sana kuliko vioo viwili vilivyobanana. Lakini kama ofisi inategemea madirisha wazi kwa hewa, sema ukweli mapema: dirisha lililo wazi kidogo hupunguza desibeli 10 hadi 15 tu, na hakuna pazia la kubadilisha hilo. Hamishia upande wa barabara stoo, printa na pantri, na walete watu wa kuandika upande wa ua.

Dalili: ni mtu mmoja tu, na ni simu zake

Kabla ya kumwita mhusika na kumsema, sikiliza anavyotumia simu. Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake wa chuo kikuu cha Cornell walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo kunavuruga zaidi kuliko kusikia pande zote mbili, kwa sababu akili inajaribu kujaza upande uliokosekana. Kwa hiyo simu moja inaweza kuudhi kuliko watu wawili wanaoongea. Halafu kuna hedifoni zinazoziba masikio yote mawili: mtu hajisikii, anapaza. Mpe ya sikio moja. Nimeona tatizo la miezi likiisha alasiri moja.

Kwa simu ndefu na mikutano ya video jenga kibanda, ila kiwe na hewa. Kibanda kinachochemka kama tanuri watu watakitoroka na kurudi mezani. Na msiiweke timu ya huduma kwa wateja, ambayo kazi yake ni kuongea, bega kwa bega na wahasibu. Kiwango cha ISO 22955 cha mwaka 2021 kinagawa ofisi za wazi kwa aina ya shughuli kwa sababu hiyo hasa: mahitaji ya watu hawa wawili yanapingana, na hakuna dari itakayowapatanisha.

Dalili: mmeweka kila kitu na bado watu wanalalamika

Panda juu ya kiti uguse vifyonzaji vyenu. Je, kuna mtu alivipiga rangi? Bamba la pamba ya mawe au dari yenye vitundu ikipakwa rangi nzito kwa rola, vinyweleo vinazibwa na kazi imekufa. Kilichobaki ni dari ngumu ya bei kubwa. Je, jipsamu ya vitundu ina pamba nyuma yake, au fundi aliifunga tupu? Na kitambaa: ofisi nyingi huvalisha paneli zao kitenge, na zinapendeza kweli. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize. Pumzi ikipita, sauti nayo itapita ifike kwenye pamba. Ikigoma, paneli yako ni picha ya ukutani. Mimea kwenye vyungu ilete kwa ajili ya macho. Kwa sauti ni kidogo mno.

Kama vyote viko sawa, basi huenda hilo si suala la sauti tena. Waulize watu kama wana mahali pa kwenda wanapohitaji kufikiri au kusema siri. Mwaka 2018 watafiti Bernstein na Turban walifuatilia kampuni mbili zilizohamia ofisi za wazi wakakuta mazungumzo ya ana kwa ana yamepungua kwa takriban asilimia 70, na ujumbe wa kompyuta umeongezeka. Watu wasio na mlango hujitengenezea ukuta kwa kunyamaza. Chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofunga vizuri, kisicho mali ya bosi yeyote, huponya kitu ambacho mita yangu haikioni.

Ghorofa ya nne tulifanya hivi: mabamba kwenye theluthi mbili ya dari, vizigeu vya mita 1.4 kati ya mauzo na hesabu, raba chini ya viti vyote, na stoo ya karatasi ikawa chumba cha mhasibu, ukuta wake ukapandishwa hadi kwenye zege. Viyoyozi vyote vinne vilibaki. Kimoja kilifungwa upya kifuniko. Utepe wa kwanza ulikuwa mita 14 kutoka kwa msomaji, wa pili tukaubandika mita 6.

Siku ya kukabidhi kazi nilimwomba meneja tuzime swichi kuu kwa makusudi, watu wakiwa kazini. Feni zikanyamaza. Mhasibu alikuwa chumbani kwake kwenye simu, mlango umefungwa. Niliketi meza ya tatu, kwenye kiti alichonipisha yule kijana, nikasikiliza. Kulikuwa na mtu anaongea, hilo nililisikia. Alichokuwa anasema, hapana.